Festus Hamsalimu Mama

Mwanamume wa kwenye riwaya ya Sellah alikuwa amesimama kando ya gari lake la maksai tangu Jumatatu, na Sellah hakujua amfanye nini.

Alikuwa amemleta vizuri mpaka hapo. Alimtoa Londiani na mizigo ya wazungu, akamvusha kwenye matope ya nyanda za juu, akamfikisha Kitale katika ile miaka ya ishirini ambapo reli ilikuwa bado haijafika na mji wenyewe ulikuwa vibanda viwili vitatu na nyasi. Akampa na msichana wa Kabuchai wa kumpenda. Kisha baba wa msichana akamkataa. Sasa je? Mwanamume wa siku zile, akikataliwa, alifanyaje? Barua hakujua kuandika. Kulia hadharani angechekwa na watu wa rika lake. Basi maskini akabaki amesimama pale na mjeledi mkononi, na karatasi ya Sellah ikabaki nyeupe.

Yule bwana wa ofisi ya vitabu kule Nairobi alikuwa amemweleza wazi alipopita Kitale. "Hadithi ni tamu, dada, sina ubishi. Lakini watu wako wa zamani wanapendana kama watu wa mwaka huu wa hamsini na saba. Nenda kawaulize wazee walivyopendana."

Sellah alikuwa amepanga chumba cha nyuma kwa Bwana Sharif, mwenye duka la nguo karibu na msikiti. Mchana aliuza vitambaa dukani, jioni akaandika. Msikilizaji wake wa kwanza alikuwa Kadija, mke wa Sharif, na huyo hakujua kumbembeleza mtu.

"Nikuambie kitu, mwanangu?" Kadija alisema siku hiyo, sinia la mchele mapajani. "Kile kitabu chako cha kwanza, mwanamume alikuwa na mwanya, na akicheka anatazama chini. Ile hadithi ya gazetini, mwanamume alikuwa na mwanya, na akicheka anatazama chini. Huyu wa maksai naye?"

"Ana mwanya," Sellah alikiri.

"Na akicheka?"

Sellah akajitia kutafuta wino.

"Basi huyo mtu yuko mahali anakula na kulala," alisema Kadija, "na wewe unajisumbua bure kumtunga."

Kadija alikuwa amegonga ndipo. Wanaume wawili wa heshima zao walikuwa wamekuja kumposa Sellah hapo Kitale, na wote wawili walirudishwa kwa maneno matamu na kikombe cha chai. Aliyeuliza sababu aliambiwa Sellah ana kazi ya kuandika. Sababu yenyewe ilikuwa na jina, Festus Wabwile wa kwao Kabuchai, na Sellah alikuwa ameapa kutolitamka jina hilo.

Walipendana akiwa msichana wa miaka ishirini. Baba yake, Mungu amrehemu, alikuwa katekista wa kanisa Katoliki, mtu wa tasbihi asubuhi na jioni. Festus alikuwa mtoto wa Kanisa la Marafiki, ambao hawabatizi kwa maji. "Binti yangu hataingia nyumba ya watu wakavu," mzee alisema, na akamfukuza Festus uani mbele ya ndugu zake. Sellah alikimbilia Kitale na kilio chake. Hata hivyo angemngoja Festus. Angemngoja mpaka mvi zitoke, kama si habari aliyoletewa sokoni na mama mmoja wa kwao aliyekuja kuuza ndizi.

"Yule Festus siku hizi ana kiburi, ati!" yule mama alisema. "Hamsalimu mama yako. Akimwona njiani anampa mgongo, anaingia kwa mahindi ya watu."

Hilo lilimchoma Sellah kuliko yote. Baba ndiye aliyekosa. Mama alikuwa amefanya nini? Anayemdharau mama yangu hanipendi mimi, alijiambia. Akapiga moyo konde, akafunga mlango huo. Baba alipofariki, miaka sita baadaye, Sellah alizika, akalia, akarudi Kitale bila kuuliza Festus yuko wapi. Ila kila alipoketi kuandika, yule mtu mwenye mwanya alikuja akaketi kwenye karatasi bila kupiga hodi.

"Nitakwenda nyumbani," alimwambia Kadija. "Nikamuulize mama mambo ya zamani. Ni kwa ajili ya kitabu tu."

"Haya," Kadija alisema. "Kikumbatie hicho kitabu ukikifikia."

* * *

Mama yake alimpokea barabarani, wakaamkiana kwa mulembe, salamu ya amani ya kwao, wakagawana mzigo na kushika njia ya Kabuchai. Mahindi yalikuwa yamesimama pande zote mbili, marefu kumpita mtu, na mama alikuwa akisimulia habari za ng'ombe aliyezaa, Sellah akimcheka. Hapo ndipo mtu alipotokea mbele yao, akishuka kutoka kiwanda cha kahawa, koti begani.

Sellah alimjua kwa mwendo kabla hajamwona uso. Akasimama.

Festus naye alisimama. Alikuwa amekonda kidogo na mabega yamepanuka. Alimtazama Sellah, na katika kutazama huko hakukuwa na kiburi wala hasira. Kulikuwa na njaa tu, njaa ya mtu aliyezoea kukosa. Sellah alitaka kusema jambo. Alitaka kusema hata neno la kijinga, kwamba mvua imechelewa. Lakini macho ya Festus yalihama yakamwona mama, na mara hiyo hiyo akateremka njiani, akaingia katikati ya mahindi na kuwapa mgongo. Alisimama hivyo hivyo, kichwa chini, akingoja wapite.

Mama alivuta leso akafunika uso, akakaza mwendo.

"Umeona?" Sellah alisema walipofika mbali. "Ameniona kabisa, akanitazama, halafu akakupa wewe mgongo! Mtu mzima, mayi! Mpaka leo!"

"Tembea," mama alisema. "Jua linachoma."

Sellah alilala na ghadhabu yake. Kilichomuuma zaidi, na hili hangemwambia hata Kadija, ni kwamba chini ya ghadhabu ile alikuwa na furaha. Alikuwa amemwona, na mtu mwenyewe alikuwa mzuri kuliko wote aliowatunga.

* * *

Kesho yake baada ya chakula cha mchana walikaa uani, wakipukuchua mahindi ya mbegu, na Sellah akamsomea mama yake alipofikia. Mama hakujua kusoma, lakini alijua kusikiliza. Alicheka maksai walipokwama. Alinyamaza mapenzi yalipoanza. Mwanamume alipokataliwa, akafyonya.

"Sasa huyo mtu wa maksai amefukuzwa," alisema. "Wewe unataka afanye nini?"

"Hilo ndilo nimekuja kukuuliza. Wewe uliolewa miaka hiyo hiyo. Zamani mwanamume akikataliwa na baba wa msichana, alifanyaje?"

"Si alitafuta mwingine! Ng'ombe za mahari ziko tayari, utazirudisha zizini zikuangalie?"

Wakacheka wote wawili.

"Na yule asiyeweza kutafuta mwingine?" Sellah akauliza.

Mama alichukua gunzi jingine, akaligeuza geuza mkononi.

"Huyo alikuwa na taabu," alisema pole pole. "Huyo alibaki kumheshimu mama mkwe wake."

"Kumheshimu vipi?"

"Si unajua."

"Sijui, mayi."

"Ni kweli, utajulia wapi. Baba yenu aliwalea kimisheni." Mama aliweka gunzi chini. "Sikiliza basi, uandike vizuri. Mwanamume na mama aliyemzaa mke wake hawatazamani usoni. Hawapeani mkono. Hawali chumba kimoja. Wakikutana njiani, mmoja anatoka, anaingia porini, anampa mgongo mpaka mwingine apite. Hiyo ndiyo heshima yenyewe. Ni kama anakuambia, mama, wewe ulinizalia mke, siwezi kukuangalia ovyo ovyo kama watu wengine."

Mikono ya Sellah ilikuwa imesimama.

"Baba yako alipopewa ukatekista akasema hayo ni mambo ya giza," mama aliendelea. "Jumapili moja, watu wote wanatoka kanisani, akamkamata mama yangu mkono, akautingisha. Weh! Mama yangu alirudi nyumbani akalala. Chakula alikataa. Anasema tu, mkwe wangu amenivua nguo mbele ya watu. Ndiyo sababu ninyi mlikua mnasalimu kila mtu kwa mkono, hata kuku angekuwa na mkono mngemsalimu."

Sellah hakucheka. "Mayi," alisema. "Festus."

Mama alirudia kupukuchua.

"Festus alianza lini?"

"Unajua alianza lini."

"Niambie."

"Kesho yake baada ya baba yako kumfukuza. Nilikuwa natoka mtoni, nikamwona anakuja. Nikasema, leo huyu kijana atanitukana, na nitakubali, kwa sababu alitukanwa kwangu. Akafika karibu. Akaangalia miguu yangu tu. Halafu akaingia kwa mahindi, akanipa mgongo." Mama alijifuta jicho kwa kiganja, akakitazama kiganja chenyewe kwa hasira. "Nilisimama pale na mtungi kichwani, Sellah, nikalia kama mtoto. Kijana amenyimwa mke, na bado anasema mimi ni mama mkwe wake."

"Na wewe ukafanyaje?"

"Nikafunika uso nipite. Ningefanya nini? Baba yako alikuwa na kinywa chake, akasema hapana. Mimi hakuna mtu aliniuliza. Lakini njiani ni mimi na kijana, hakuna katekista. Nikamjibu vile alivyonisalimu."

"Miaka hii yote?"

"Sijampa mkono hata siku moja. Hata siku ya kumzika baba yako. Alikuja alfajiri kabla hujafika, akachimba kaburi na wenzake, na nilipotoka nje akaenda nyuma ya nyumba."

Sellah alikuwa amejishika kifua. Alifikiria Kitale, zile jioni zote, wale wanaume wa karatasi aliowavalisha sura ya mtu mmoja, huku mtu mwenyewe akiwa huku, akiingia mahindini msimu baada ya msimu kumwambia mama yake kitu ambacho binti hakuwa na masikio ya kukisikia. Alijionea huruma, kisha akajichukia, kisha akamkumbuka Festus alivyosimama jana na kichwa chini, na hapo machozi yakaja yenyewe.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulinipa nafasi? Krismasi ile ulisema nikitaja jina lake utarudi Kitale kwa miguu. Na baba yako yuko hapo na tasbihi yake. Nikanyamaza. Nilijua siku moja utauliza." Mama akatikisa kichwa. "Sikujua utauliza kwa sababu ya mtu wa maksai."

* * *

Walikuwa bado wameketi hivyo, hakuna aliyepukuchua, mtu alipokohoa nje ya ua.

"Hodi hapa."

Mama alivuta leso usoni kwa haraka. Festus aliingia hatua chache, akasimama ubavu, akitazama zizi la ng'ombe. Alikuwa amevaa shati safi na koti licha ya joto.

"Karibu," Sellah alisema, akisimama. Hakujua aiweke wapi mikono yake.

"Asante. Sikukuja kwako, Sellah," Festus alisema, bila ukali. "Nimekuja kwa mama. Nimekuja kuomba anisalimu."



"Mjomba wangu Absalom amenitafutia msichana huko Lwakhakha," Festus aliendelea, bado akilitazama zizi. "Jumatatu wanangoja jibu. Ni msichana mzuri, sina neno baya juu yake. Lakini siwezi kwenda kwa mama mwingine na huyu bado ananifunikia uso. Mama akinipa mkono, vile anampa mtu yeyote wa hapa Kabuchai, nitajua mimi ni mtu yeyote. Nitaenda na roho safi."

"Kwa nini leo?" Sellah alijikuta anauliza.

"Nilikuwa nimepanga kuenda tu, bila kuomba. Halafu jana nikakuona." "Nikajua nikienda hivyo nitakuwa namdanganya mtoto wa watu."

"Na mimi, Festus? Baba amekufa miaka miwili sasa. Hukuweza kuja Kitale?"

"Nilikuja."

"Lini?"

"Mwaka jana, wakati wa kupanda. Nilisimama ng'ambo ya duka la Sharif. Ulikuwa unampimia bwana mmoja kitambaa, unacheka naye. Nikaona, ah, huyu ameshasahau. Nikarudi."

"Nilikuwa nauza, Festus!" Sauti ya Sellah ilipanda. "Muuzaji anacheka, bana! Ningempimia kitambaa huku nalia?"

"Sikujua."

"Na mimi sikujua! Nilifikiri unamdharau mama yangu. Nimekuchukia kwa hilo, nimejilazimisha kukuchukia, na sikuweza hata kidogo, na jana usiku..." Alikatika. Maneno aliyokuwa akiwapa wanaume na wanawake wa vitabu, kurasa na kurasa za maneno, yalimkimbia yote kwa pamoja.

Mama aliinuka. Alikung'uta vumbi la mahindi, akafuta mkono wake wa kulia kwa leso, upande huu na upande huu, kwa uangalifu, vile anavyoufuta akienda kumsalimu padri. Hakumtazama Festus. Alimtazama binti yake.

"Mkono huu nimemnyima mtu kwa ajili yako," alisema. "Wanawake wote wananisema kwa huyu kijana, ati tumekosana, na mimi nanyamaza. Sasa nimezeeka na yeye anazeeka. Kama humtaki, nitampa, aende akajengewe nyumba na watu wa Lwakhakha. Si vizuri kumweka mtu kwa mahindi mpaka meno yaishe. Kwa hivyo sema."

Sellah alitazama mahindi miguuni pake, akiyatafuta maneno. 

Alimwona Festus akigeuka, taratibu, macho ameyafumba ili asimvunjie mama heshima mpaka dakika ya mwisho. Aliunyoosha mkono mbele yake, kiganja wazi. Mama akapiga hatua. Akapiga nyingine. Mkono wa mama ukatoka chini ya leso na kuanza kwenda.

Hapo Sellah aliruka. Aliukamata mkono wa mama yake kwa mikono yake miwili, akauvuta, akauficha kifuani kwake na kuukumbatia huko kama mtu anayenyang'anywa.

"Usimsalimu," alisema, akilia waziwazi. "Mayi, nakuomba. Usimsalimu."

Mkono wa Festus ulibaki hewani peke yake. Alisikia, lakini hakufumbua macho. Mdomo ulimtetemeka, akaukaza, ukamshinda. Machozi yalimteremka kwenye mashavu na hakuinua mkono kuyafuta.

Mama naye alisimama kidogo, mkono wake ungali umeshikwa. Kisha akaupokonya pole pole, akajifunika leso uso mzima, akakohoa kama mwenye nyumba.

"Sellah," alisema, "mwambie mume wako ageuke. Nataka kupita."

Festus akageuka.